Thina Haingoji Kuchemka

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kayole, Umoja na Kariobangi, thina huuzwa kwa kipimo. Mteja huja na chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, muuzaji humpimia nusu lita kutoka kwenye pipa, na chupa hiyo hupelekwa nyumbani kuzimulia rangi ya mlango au kusugulia doa la grisi. Kinachobaki husukumwa chini ya kitanda. Baada ya miezi kadhaa mwenyewe huitoa na kukuta imepungua, ingawa hakuna aliyeigusa wala sakafu haikulowa.

Imekwenda wapi? Haikuvuja. Imepita kwenye kifuniko kisichokaza, ikaingia hewani, na waliolala chumbani wameivuta puani kidogo kidogo, usiku baada ya usiku. Hiyo ndiyo tabia ya thina, petroli, asetoni ya kutoa rangi ya kucha, gundi ya viatu na vanishi. Vyote vina viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha mafuta, rangi au mpira, na ambavyo hugeuka mvuke kwa joto la kawaida la chumba bila kuwekwa motoni. Mkaazi anayeelewa jambo hilo ataelewa pia kwa nini moto wa thina mara nyingi huanzia mbali na kopo la thina.

Nguo kwenye kamba

Waliosoma sayansi shuleni wanakumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Hiyo ni kweli Mombasa, kando ya bahari. Eastlands iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ina mgandamizo mdogo zaidi, na sufuria ya maji ya chai ya Buruburu huanza kuchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Lakini hakuna mtu anayechemsha nguo ili zikauke. Shati lililoanikwa kwenye roshani hukauka hata asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15, na maji yaliyokuwemo huondoka bila kutokota hata mara moja.

Kuchemka na kuvukiza ni mambo mawili tofauti. Maji yanapochemka, mvuke hutengenezwa ndani ya kimiminika chote na kupanda juu kama mapovu. Yanapovukiza, mvuke hutoka kwenye uso wake tu, kimyakimya, kwa joto lolote lile. Kimiminika ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli, na molekuli hizo hazina mwendo mmoja. Ni kama abiria wa jioni pale Muthurwa: wengi wanasukumana polepole, wachache wana haraka kupita kiasi. Zile zenye kasi kubwa zikifika kwenye uso wa kimiminika hujinasua kutoka kwa wenzake na kuruka hewani. Zinazobaki ni zile za mwendo wa chini, na kwa kuwa joto si kitu kingine ila mwendo wa molekuli, kimiminika kilichobaki hupoa.

Kila mkaazi aliyepaka sanitaiza mikononi mwaka wa 2020 alihisi jambo hilo. Viganja viliingia baridi kwa sekunde chache, kisha vikakauka. Pombe iliyokuwa ndani ya sanitaiza ilichukua joto la ngozi ili ipate kuondoka.

Tofauti ya maji na viyeyushi ni jinsi molekuli zinavyoshikana. Molekuli za maji zimeshikana kwa nguvu. Kilo moja ya maji huhitaji joto karibu mara sita ya lile linalohitajiwa na kilo moja ya toluini ili igeuke mvuke. Toluini ni kiyeyushi kimojawapo kinachopatikana mara nyingi ndani ya thina na gundi ya viatu. Asetoni nayo ni nyepesi zaidi kuondoka: kwa nyuzi 20, mvuke wake husukuma kutoka kwenye kimiminika kwa nguvu karibu mara kumi ya mvuke wa maji. Ndiyo maana tone la asetoni kwenye ukucha hutoweka kabla mtu hajamaliza ukucha wa pili.

Kuna sababu nyingine ambayo mafundi wa rangi wanaijua kwa mikono ingawa si wengi wanaoieleza. Wakati wa masika, mwezi wa Aprili, nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, lakini mlango uliopakwa rangi ya mafuta huendelea kutoa harufu na kukauka. Hewa ya Aprili imejaa mvuke wa maji, kwa hiyo haina pa kuweka maji zaidi. Lakini haijajaa toluini. Kwa toluini, hewa ya Nairobi ni tupu kila siku ya mwaka.

Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaopuliza magari rangi hukutana na upande wa pili wa jambo hilohilo. Wakipuliza rangi au vanishi ya kukauka haraka siku ya mvua, uso wake hugeuka mweupe kama wenye ukungu. Thina inapoondoka upesi huupoza uso wa rangi kiasi cha kufanya unyevu wa hewani utue juu yake, kama matone yanavyotokea nje ya chupa ya soda baridi. Fundi mzoefu huongeza thina inayokauka polepole au huahirisha kazi. Hajakosea, anapambana na ubaridi wa uvukizaji.

Chumba cha kumi kwa kumi

Sehemu kubwa ya wakaazi wa Eastlands huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo kitanda, jiko, meza na kabati viko umbali wa hatua mbili. Chumba hicho ni kipimo kizuri cha kuonyesha kile ambacho lita moja ya kimiminika inaweza kufanya.

Toluini ikigeuka mvuke katika mwinuko wa Nairobi, lita moja huwa zaidi ya lita 270 za mvuke mtupu. Mvuke huo hauhitaji kujaza chumba ili uwe hatari. Ukishafika sehemu 1.1 tu katika kila sehemu 100 za hewa, mchanganyiko huo unaweza kuwaka. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kimo cha futi nane kina hewa ya karibu mita za ujazo 23. Hesabu yake ni rahisi: chini ya lita moja ya toluini, ikivukiza yote mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, inatosha kuifanya hewa yote ya chumba hicho iweze kushika moto.

Na hiyo ni kama mvuke umetawanyika sawasawa, jambo ambalo mwanzoni halitokei. Mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi, na ule wa petroli mara tatu hadi nne. Ukitoka kwenye kopo au kwenye kitambaa kilicholowa, humwagika kama maziwa yaliyofurika kwenye sufuria. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya kitanda na kutafuta mahali pa chini. Ukikusanyika katika futi moja ya mwisho karibu na sakafu, kiasi kinachohitajika ili hewa hiyo ya chini iweze kuwaka ni mililita 115 tu za toluini. Hiyo ni nusu kikombe cha chai.

Jiko la makaa huwekwa sakafuni. Stovu ya mafuta ya taa huwekwa sakafuni. Katika nyumba nyingi hata meko ya gesi iko juu ya mtungi wake, shubiri chache kutoka chini. Mtu anayepaka rangi ukuta akiwa amesimama ana pua yake futi tano juu, na harufu anayoisikia haimwelezi hali ilivyo karibu na miguu yake.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja. Baadhi ya watu husema kwamba mvuke mzito hubaki chini daima na kwamba dirisha la juu halina faida. Si hivyo. Mvuke ukishachanganyika vizuri na hewa hautengani nayo tena, kama vile maziwa yakishakorogwa katika chai hayarudi chini ya kikombe. Hatari ya sakafuni ipo pale mvuke unapotoka kwa wingi na hewa imetulia: usiku, mlango ukiwa umefungwa, au katika majengo marefu ya Pipeline na Umoja yaliyobanana hadi madirisha ya vyumba vya ndani yanafunguka kwenye kishimo cha hewa katikati ya jengo. Thina inayotumika katika ghorofa ya tatu ya jengo kama hilo inaweza kunukia kwa mpangaji wa chini kuliko kwa yule anayeitumia.

Sinai, Septemba 2011

Nairobi imekwisha kuona somo hili kwa kiwango ambacho hakuna karakana inayoweza kukifikia. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mfumo wa bomba la mafuta katika eneo la Lunga Lunga na kuingia kwenye mtaro unaopita kijiji cha Sinai, Mukuru. Wakaazi walikuja na ndoo na jerikani kuteka mafuta. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengine wakiwa majumbani mwao, na wengine walikimbilia mtoni wakiwa wanawaka.

Mengi yalisemwa baadaye kuhusu umaskini wa wale waliokuwa wakiteka mafuta. Yapo ya kweli katika hayo, lakini hayaelezi ukubwa wa janga lenyewe. Baadhi ya waliofariki hawakuwa wamegusa petroli. Kilichowafikia ni mvuke. Petroli iliyosambaa juu ya maji ya mtaro ilikuwa na uso mpana wa kuvukiza, mtaro uliubeba mvuke katikati ya nyumba za mabati, na mvuke huo ulihitaji cheche moja tu mahali popote pale. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Asubuhi ya kawaida ya Nairobi, kwake, ni joto kali.

Mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulihusu kitu tofauti. Gesi ya kupikia huchemka kwa joto la chini mno na hukaa mtungini kwa kubanwa tu. Lakini mvuke wake pia ni mzito kuliko hewa, nao husafiri chini kwa chini kabla ya kukutana na moto.

Maji ya mtaro yanahitaji kutajwa kwa sababu nyingine. Katika karakana nyingi mabaki ya thina ya kuoshea brashi na bunduki ya kupulizia rangi humwagwa mtaroni. Thina huelea juu ya maji, husambaa na kuvukiza ndani ya mfereji, na mvuke hutoka kwenye mashimo ya mbele, pengine kando ya mama anayekaanga samaki. Ni Sinai kwa kipimo cha kijiko.

Mafuta ya taa na mtungi uliochanganywa

Si kila kimiminika kinachonuka mafuta kina tabia moja. Wataalamu wa moto hupima joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kikisogezewa mwali. Kwa petroli, kama ilivyotajwa, ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa asetoni ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa toluini ni nyuzi 4 hivi. Kwa mafuta ya taa ni nyuzi 38 au zaidi. Chumba cha Nairobi huwa na nyuzi 20 hadi 28 kwa kawaida, kwa hiyo vitatu vya kwanza viko tayari kuwaka saa zote, na cha nne bado. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mafuta ya taa yakubalike kama mafuta ya nyumbani miaka yote hiyo: njiti ikiangukia ndani ya kikombe cha mafuta ya taa baridi, mara nyingi huzimika.

Vipimo hivyo hutolewa kwa usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Nairobi hushuka kwa nyuzi nne hivi, kwa kuwa hewa nyepesi huruhusu mvuke kuchukua sehemu kubwa zaidi ya nafasi. Jerikani ya mafuta ya taa iliyoachwa juani mbele ya kibanda cha mabati mwezi wa Februari inaweza kufika huko.

Hatari kubwa zaidi ni mchanganyiko. Jerikani iliyobeba petroli ya pikipiki, ikamwagwa na kuwekwa mafuta ya taa bila kukaushwa, huacha petroli kidogo ndani. Petroli hiyo kidogo huvukiza kwanza na kujaza mvuke tangi la stovu au la taa. Mwenye nyumba huwasha akidhani anawasha mafuta ya taa aliyoyazoea. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa pua ipo, lakini ni ndogo. Kinga ya kweli ni kutenga vyombo: cha petroli kiwe cha petroli, kiandikwe, na kisiingie ndani ya nyumba.

Pipa tupu

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hununua mapipa yaliyotumika, huyakata na kuyageuza majiko, masanduku na sufuria kubwa. Wengi wao huliogopa pipa lenye mafuta na kulidharau tupu. Mambo yalivyo ni karibu kinyume.

Moto huhitaji mvuke na hewa kwa kipimo. Mvuke ukizidi, hewa haitoshi. Ukipungua, hakuna cha kuwaka. Toluini huwaka ikiwa kati ya sehemu 1.1 na 7.1 katika 100 za hewa. Sasa, ndani ya pipa lililofungwa lenye mabaki ya toluini chini, kwa nyuzi 20 za Nairobi, mvuke hutulia kwenye sehemu 3 hadi 4 katika 100, katikati kabisa ya kipimo hicho. Pipa lililojaa hadi juu lina nafasi ndogo ya mchanganyiko huo. Pipa linaloitwa tupu limejaa mchanganyiko huo kutoka chini hadi juu, na patasi ikigonga chuma au mwali wa gesi ukigusa bati, pipa zima hulipuka kwa mara moja.

Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi, kwa kuwa toluini haichanganyiki na maji na mabaki hujificha kwenye mshono wa chini. Pipa linapaswa kuoshwa kwa maji moto na sabuni, kusuuzwa zaidi ya mara moja, kuachwa wazi mahali penye upepo, kisha kujazwa maji karibu yote hadi penye mstari wa kukata, ili pasibaki nafasi ya mvuke. Ni kazi ya kuchosha na hupunguza mapipa yanayokatwa kwa siku. Lakini fundi anayekata pipa lisilojulikana lilibeba nini anacheza kamari kwa uso wake mwenyewe na kwa wale walio kwenye vibanda vya jirani.

Maziwa, barakoa na pua iliyozoea

Mvuke usioshika moto bado huingia mwilini. Viyeyushi huyeyusha mafuta, na ubongo wa binadamu una mafuta mengi. Toluini ikivutwa hufika kwenye damu kupitia mapafu, na kutoka hapo kwenye ubongo, kwa muda mfupi. Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, macho kuwasha, kichefuchefu na ulevi usio na pombe. Fundi hufikiri ni njaa au jua.

Kwa miaka mingi mafundi wa rangi wa Nairobi wamekuwa wakinywa pakiti ya maziwa baada ya kazi ili kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini huenda tumboni, na mvuke umekwenda kwenye mapafu na damu. Hayakutani mahali popote. Ubaya wa desturi hiyo ni kwamba humpa fundi ujasiri wa kufunga mlango na kuendelea. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali pia haizuii mvuke. Huzuia vumbi na matone ya rangi, lakini molekuli za kiyeyushi hupita ndani yake kama hewa inavyopita. Barakoa inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, navyo hubadilishwa vikianza kupitisha harufu.

Harufu yenyewe si mlinzi wa kuaminika. Pua huchoka. Baada ya dakika chache ndani ya chumba chenye thina mtu huacha kuisikia, na jirani anayeingia kutoka nje ndiye anayeshtuka. Mafundi wa viatu wa Gikomba na Kariakor wanaopaka gundi siku nzima wako katika hali hiyo kila siku. Kwao, kuhamisha meza ya gundi hadi mlangoni na kufunika kopo kila baada ya kupaka kuna faida kuliko dawa yoyote. Gundi iliyofunikwa pia haigandi, na hiyo ni pesa iliyookolewa.

Wako wengine wanaoivuta kwa kutaka. Watoto wanaolala mitaani wamekuwa wakionekana Nairobi kwa miongo kadhaa wakiwa na chupa ya gundi chini ya pua. Chupani mna viyeyushi vilevile vinavyovukiza kwa joto la kawaida. Mvuke huo huua njaa na baridi kwa saa chache, na kwa muda mrefu huharibu ubongo, mwendo, macho na figo. Unaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla, hata mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo mtoto aliyelewa gundi hapaswi kukimbizwa wala kutishwa, kwa kuwa mshtuko huongeza hatari hiyo. Fundi au mwenye duka anayempimia mtoto gundi kwenye chupa anajua inakokwenda. Hakuna kiatu kinachotengenezwa kwa chupa hiyo.

Wajawazito na watoto wachanga wasilale katika chumba kilichopakwa rangi ya mafuta au vanishi hadi harufu iishe kabisa, na pua ya kuamua hilo iwe ya mtu aliyetoka nje.

Kabla ya kufungua kopo

Kazi yoyote ya thina, gundi au petroli ifanywe nje inapowezekana. Ikibidi iwe ndani, mlango na dirisha vifunguliwe kabla kopo halijafunguliwa, na jiko, stovu, mshumaa na uvumba vizimwe kwanza, vikiwemo vya chumba cha jirani kinachotumia ukumbi mmoja. Taa iwashwe mapema na swichi isiguswe tena mvuke ukishajaa, kwa kuwa cheche ndogo ndani ya swichi inatosha. Petroli isitumike kuoshea nguo, sakafu au mikono.

Kiasi kinachonunuliwa kiwe cha kazi ya siku hiyo. Kinachobaki kikae kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza, nje ya chumba cha kulala, mahali penye kivuli pasipofikiwa na watoto. Chupa ya soda haifai kwa sababu mbili: plastiki nyingine hulainishwa na viyeyushi, na mtoto huijua kama chupa ya soda. Vitambaa vilivyolowa viwekwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko na kukaa nje. Mabaki yasimwagwe mtaroni. Thina ya kuoshea brashi ikiachwa itulie usiku mmoja, rangi huzama chini na ile safi ya juu hutumika tena.

Karakana zina wajibu zaidi. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinahusu pia uhifadhi wa vitu vinavyoshika moto haraka. Mwenye karakana anayekaguliwa aonyeshe mahali pa kuhifadhi thina palipo mbali na kazi ya kuchomelea, na kizima moto cha unga kinachofanya kazi.

Moto wa thina au petroli ukitokea, maji yasimwagwe juu yake. Petroli na toluini huelea, na maji huusafirisha moto hadi mahali usipokuwa. Kopo linalowaka lifunikwe kwa kifuniko au sufuria, na kimiminika kilichomwagika kifunikwe kwa mchanga au unga wa kizima moto. Mtu ambaye nguo zake zinawaka alazwe chini, abingirishwe na afunikwe kwa blanketi. Baada ya hapo sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na mayai visipakwe. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mtoto aliyekunywa thina au mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa ya kumfanya atapike. Kimiminika hicho chepesi kikirudi juu kupitia kooni huweza kuingia kwenye mapafu na kuyaharibu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo kuliko tumboni. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni, na apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Chupa aliyokunywa ibebwe ikiwa imefungwa, ili daktari ajue ilikuwa na nini.